Pipa Lisilo na Kitako

Meneja wa gereji ameniomba niwaandikie kurasa mbili za ushauri, ninyi mnaobaki na spana, kabla sijasahau nilichokuwa nafanya. Alisema ziwe fupi ili azibandike ukutani karibu na choo, mahali ambapo watu wa gereji husoma kwa utulivu. Nimechukua daftari zima. Akitaka kubandika, abandike jalada.

Mnanijua kwa jina la Fundi Simbeye, fundi bodi wa kampuni yetu ya mabasi hapa Tunduma. Kuhusu vyeo sina la kusema, kwa sababu nilipewa kimoja tu, nacho hakikubadilisha hata ovaroli. Kuhusu mshahara sitasema, maana nao haukuwahi kunisemesha. Nitasema habari ya mapipa ya taka ndani ya magari. Ndiyo kazi iliyonisumbua akili kuliko zote, na ndani yake kuna jambo nililowaficha miaka yote tuliyokuwa tukila ugali wa mchana kwenye sahani moja.

Siku yangu ya kwanza gerejini nilikuja na bisibisi yangu mwenyewe, mpini wake nimeuchonga kwa mti wa mpera. Nilidhani nitakabidhiwa mashine ya kuchomelea. Mzee Halinga, Mnyiha wa Mbozi aliyekuwa mkuu wa mafundi bodi, aliitazama bisibisi ile, akaitia mfukoni mwake, akanipa ufagio. Akanionyesha basi lililotoka Mbeya asubuhi ile. Nilifagia magunzi, maganda ya miwa, kokwa za maparachichi, nepi, kiatu kimoja cha kushoto na mifupa ya mbuzi mzima ambaye nadhani alikuwa wa harusi. Nikamuuliza mzee kwa nini abiria hawatupi vitu hivi nje.

Akanijibu kwamba hivyo ndivyo vilivyoshindikana kutupwa nje, kwa kuwa ni mwezi wa saba na baridi ya Mbozi imefunga madirisha. Miezi mingine basi hurudi safi. Alisema hivyo kwa fahari kidogo, nami nikaona kweli, tuna kampuni safi. Dirisha ndilo lilikuwa pipa letu, na barabara kuu kuanzia hapa mpaka Mlowo ndiyo ilikuwa dampo. Konda akimwona mama ameshika ganda la ndizi na hajui alipeleke wapi, alimfungulia kioo kwa adabu kabisa.

Mzee Halinga hakuwa na cheti, lakini alikuwa na desturi moja ambayo ningependa msiiache. Kabla ya kugusa kiti, alikukalisha juu yake saa nzima. Ukimwambia kiti kina tatizo, alikuuliza umekikalia muda gani. Alisema futi ya chuma hupima chuma, kiti hupimwa kwa makalio. Vijana wa siku hizi mnapima kwa simu, mnapiga picha, mnatuma picha, kisha mnakata bati, na bati halifiki. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba bati halifiki.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inataka kuruka, lakini nimeishika.

Tulikuwa tumemaliza kurekebisha mlango wa basi moja lililobanwa ubavuni na lori kwenye foleni ya mpakani. Utaratibu wetu mnaujua: fundi aliyefunga mlango lazima apande kuujaribu barabarani, ili ukichomoka uchomoke naye. Nikapanda na dereva aliyeitwa Kibona, wawili tu, viti vyote vitupu, tukaelekea Mlowo. Nilikaa kiti cha mbele upande wa kushoto, kando ya mlango, nikiusikiliza kama unalia. Mkononi nilikuwa na chupa ya maji ya plastiki, nimeinywa nusu, na maji yaliyobaki yamepata moto wa injini. Tulipokaribia stendi ya Mlowo, nilifungua dirisha nikaitupa. Sikuangalia ilikokwenda. Hakuna mtu aliyekuwa akiangalia, ndiyo raha ya dirisha.

Kibona alitazama kioo cha pembeni, akasema kuna mama amekaa chini. Nikamuuliza kama amekaa chini kwa ajili yetu. Akasema labda amechoka. Nami nikakubali kwamba amechoka. Tulipogeuza gari na kurudi tukapita upande wa pili wa barabara, watu walikuwa wamekusanyika pale, nami nikainama kukagua bawaba ya mlango ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Naona aibu kuandika hivyo. Nilifika gerejini nikajaza fomu kwamba mlango ni mzima.

Kama wiki tatu baadaye, mama mmoja aliteremka kwenye basi letu dogo la Kosta akiwa na plasta na pamba juu ya jicho la kushoto. Ofisini walimuuliza namba ya basi, tarehe na saa, na kama chupa anayo. Alipowaambia kwamba hakuja ofisini, anatafuta mafundi, walifurahi sana, wakamwelekeza kwetu. Alisimama mlangoni mwa gereji, akasubiri Mzee Halinga azime grenda. Alijitambulisha kuwa ni Mama Enesi, anauza maparachichi na mahindi ya kuchemsha kando ya barabara pale Mlowo. Akaeleza kwa kifupi habari ya chupa. Hospitalini walikuwa wamemwambia jicho lile litaona mwanga tu, na uso wa mtu halitauona tena.

"Mmeweka pazia," alisema. "Mmeweka redio. Dereva mmemwekea na maua ya plastiki. Mahali pa kutupia taka mmeweka wapi?"

Mzee Halinga alimuuliza anataka tumfanyie nini.

"Nataka pipa humo ndani. Mimi nimebaki na jicho moja, na barabara ni ileile."

Mzee aligeuka akasema, Simbeye, kazi hiyo ni yako. Alinichagua kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, lakini mimi nilidhani amejua. Nikamwambia yule mama nitatengeneza. Lilikuwepo neno jingine la kusema, nalo lilifika kwenye meno likarudi. Kibona alikuwa amekwisha kuhamia Ndola kwa shemeji zake, kwa hiyo duniani sikuwa na mtu wa kushiriki naye siri ile. Nilijipa ahadi: pipa likikamilika, nitakwenda Mlowo nimwambie. Fundi akiwa na woga huwa na ahadi nyingi za baadaye, na wenye magari yao mnalijua hilo.

Pipa la kwanza lilikuwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikaifunga kwa waya kando ya mlango wa kila basi. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, nami nilijiona nimemaliza. Lakini jamani, mtu wa huku kwetu umpe ndoo yenye mfuniko, halafu umwambie aweke taka? Ndoo yenye mfuniko ni mali. Huwekwa unga, huwekwa mafuta, hupelekwa kwa mama mkwe. Siku ya pili konda wa kwanza alirudi na ndoo imejaa maharage ya abiria wa Vwawa, na amemtoza nauli ya mzigo. Wa pili alikuwa amembebea mama wa kwenda Mkwajuni tetea na mayai yake, kuku kichwa nje, ametulia. Kufikia mwisho wa wiki ndoo tatu zilikuwa zimevuka mpaka kwenda Zambia. Bado hazijarudi.

Nilikwenda Mlowo kumwonyesha Mama Enesi ile moja iliyobaki. Aliifunua, akaifunika, akaniuliza inauzwa wapi. Kisha akakumbuka kilichonileta, akacheka, akanipa maparachichi mawili na kukataa pesa yangu. Niliyala kwenye gari nikirudi, na sikuyafurahia hata kidogo. Kokwa nilizitia mfukoni mwa ovaroli.

Pipa la pili nilitengeneza la bati, la mraba, nikalifunga kwa bolti katikati ya njia ili lisisafiri. Mzee Halinga alinionya kwamba sijakaa kwenye basi kulitazama, nami nikamjibu kwamba nina haraka. Makonda walilipenda. Juu yake walitandika sponji na kipande cha kitenge, wakaliita siti ya katikati. Nilipanda mwenyewe nikamkuta juu yake mzee wa Momba aliyevaa suti, ameshika fimbo. Nikamweleza kwa heshima kwamba pale amekalia pipa la taka. Akaniambia amelipa nauli kamili na hanyanyuki mpaka Mbeya. Taka zake akampa jirani wa dirishani amtupie.

Pipa la tatu nikalifanya jembamba, refu, lisilokalika, lenye kufuli ili lisiibwe, na juu nikalikata tundu la kutosha ganda la ndizi. Nikalipaka rangi ya bluu. Nilifanya kosa la kulifunga mbele, mahali ambapo wahubiri wa kwenye mabasi husimama. Mhubiri wa kwanza kulikuta alihubiri tangu Tunduma mpaka Mlowo, akamaliza kwa kulinyooshea mkono, na abiria wakaanza kutumbukiza sadaka. Mama mmoja aliyetaka kutia ganda la chungwa alikemewa na basi zima. Tulipofungua kufuli tulikuta sarafu, noti chache na ombi lililoandikwa kwenye karatasi la mtu anayetaka mume. Konda wa basi lile aliniambia kwamba katika mapipa yangu yote, hilo ndilo lililofanikiwa.

Katikati ya haya, wenye mabasi wa mkoa waliitwa kwenye semina ya usafi, Vwawa, nami nikapelekwa kama mtaalamu. Nilipanda jukwaani na pipa langu la bluu. Watu walipiga makofi, wakapiga nalo picha, wakaunda kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo. Azimio lilikuwa kwamba kila gari la abiria liwe na pipa, na wakaguzi wapite kuangalia. Tulipotoka, chupa za maji zilikuwa zimebaki chini ya kila kiti, na pipa langu, lililosimama mlangoni kama mfano, halikuwa na kitu. Niliziokota mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati aliniona akanipongeza kwa moyo wa kujitolea.

Azimio lile ndilo nusura liniue. Kuanzia hapo kila basi lilikuwa na pipa, na kila konda aliogopa kukaguliwa akiwa na pipa chafu. Kwa hiyo makonda waliyafunga mapipa kwenye nailoni, wengine wakayafungia juu ya keria pamoja na magodoro. Kwenye mojawapo ya mabasi yetu nilikuta maandishi ya kalamu nene: USITIE TAKA HUMU. Nikamuuliza konda taka zitiwe wapi. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayemwelekeza mgeni, akanionyesha dirisha. Mkaguzi alikuja siku ileile, akasifia pipa kwa usafi, akaweka tiki.

Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la gereji nikalia. Vijana walidhani ni moshi wa kuchomelea. Nililia kwa sababu barabara sasa ilikuwa chafu kuliko mwanzo, na mama mwenye jicho moja bado anakaa kando yake kila asubuhi na beseni lake. Mimi nilikuwa nimemjengea kamati.

Mzee Halinga wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, yuko kwake karibu na Mbozi Mission, analima kahawa na kugombana na nyani. Nikaenda kumwona. Nilimweleza mapipa yote, moja baada ya jingine, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaniuliza swali lake lilelile, nimekaa kwenye kiti muda gani. Nikasema sijakaa. Akanifukuza, akanirudisha barabarani, akaniambia nipande kama abiria wiki nzima, nisitazame taka, nitazame mikono.

Nikapanda. Tunduma kwenda Mbeya, Mbeya kurudi Tunduma, mikono mapajani, kama mtu anayekwenda msibani. Siku ya tatu nikaona. Mtu akimaliza kula, mkono wake hauendi mbele wala hauendi nyuma. Unakwenda dirishani, macho yako kwingine, kichwa hakina habari. Na aliyekaa kiti cha ndani humpa wa dirishani, yeye akatupa, hata bila kusemezana. Hata konda hafikirii. Miaka yote tulikuwa tukimtaka mtu abadilishe tabia, ainuke, apite katikati ya magunia na miguu ya watu, afike mbele, ainamie pipa la bluu. Nani atafanya hivyo na ganda la ndizi mkononi?

Niliporudi kwa Mzee Halinga kumweleza, aliongeza maneno machache tu, nayo ndiyo ufundi wote nilioubakiza.

"Wewe unatengeneza chombo," alisema. "Mtu wetu ukimpa chombo, ataweka chakula. Tengeneza tundu."

Basi nikatengeneza tundu. Andikeni vipimo, kwa maana nimeona pete mlizofunga mwezi uliopita na zinatisha. Chukua nondo ya milimita sita, ikunje kwenye rimu ya pikipiki kuukuu ili upate duara, chomelea ncha, sugua kwa grenda mpaka kidole kikipita hakikwaruziki. Duara hilo halina kitako, halina mfuniko, halina ukuta. Huwezi kuliwekea unga. Huwezi kulikalia. Huwezi kulitolea sadaka. Mtu akiliiba atafika nalo nyumbani, mkewe atamuuliza ni la nini, naye hatakuwa na jibu. Lifunge chini ya kila dirisha, chini kabisa ya kioo, upana wa viganja viwili mbele ya goti, ili mkono unaokwenda dirishani ulikute kabla haujafika. Ndani yake pitisha kiroba cha mbolea kilichooshwa, mdomo wake ukunje nje juu ya nondo, ubane kwa mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kiroba kisiwe kizima. Kikate pembe juu, maana kiroba kizima nacho ni mali.

Basi la kwanza lenye pete nilipanda nalo mwenyewe. Karibu na Vwawa kijana mmoja alimaliza soda, mkono ukaenda dirishani, chupa ikaanguka ndani ya kiroba. Hakujua. Aliendelea kuchezea simu yake. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia kwa kuwa hatufahamiani.

Nikafika Mlowo, nikashuka na pete moja mkononi kwenda kumwonyesha Mama Enesi. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote. Alikuwa amekwisha kuzoea kuona kwa jicho moja, akigeuza kichwa chote kama kuku anapotazama punje. Aliipokea pete, akapitisha mkono ndani, akauliza kitako kiko wapi. Nikamwambia hakipo. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Nikafungua mdomo niseme, na wakati huohuo, kwenye basi letu lililokuwa bado limesimama hatua ishirini kutoka pale, konda akashuka na viroba vyake vyote, akavimwaga ukingoni mwa barabara, pembeni mwa beseni la maparachichi, akapiga ubavu wa gari, wakaondoka.

Mama Enesi alizitazama zile taka.

"Zamani ilikuwa chupa mojamoja," akasema.

Maneno yangu yakarudi tumboni. Nilimsaidia kuzoa, nikarudi Tunduma nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo mpaka leo, na mnaonijua mnajua hasira zangu. Nilikwenda kwa mkuu wa uoshaji magari tukapatana jambo ambalo hatukulipeleka kwenye kamati yoyote. Basi likirudi bila viroba vyake, vyote, vikiwa na taka zake, halioshwi. Konda wa Tunduma anaweza kuvumilia vitu vingi, lakini hawezi kuingia stendi asubuhi na basi lenye tope mbele ya makonda wenzake. Siku nne tulikaa na mabasi yenye sura ya trekta. Siku ya tano viroba vilianza kurudi. Konda mmoja alirudi na viroba zaidi ya alivyoondoka navyo, akidhani kuna zawadi. Tukamwoshea basi mara mbili.

Sasa msiseme kwamba barabara imekuwa safi. Malori ni yaleyale, yamepanga foleni mpakani, na chupa zinazotupwa kutoka mle sitazielezea, mtu asije akawa anasoma huku anakula. Kampuni nyingine bado zina mapipa kwenye keria. Lakini kwenye magari yetu mkono ukienda dirishani hukuta pete, na Mama Enesi aliniambia mwenyewe kwamba basi letu likipita hashiki tena uso. Hilo nililisikia nikafurahi siku nzima. Kisha nikakumbuka ahadi yangu, furaha ikaisha.

Maana sasa pipa lilikuwa limekamilika, nami sikuwa na kisingizio. Nikakitafuta nikakipata: pete za Kosta zilihitaji kuwa ndogo zaidi. Nikazishughulikia. Halafu pete za magari madogo, ambazo hakuna aliyeziomba. Halafu nikaanza kubadilisha viroba, nikajaribu turubai, nikajaribu mifuko ya simenti, nikarudi kwenye mbolea. Mlinisifu kwa bidii yangu. Meneja alinitaja kwenye kikao kama mfano wa mtu asiyeridhika. Kila mara nilipokuwa na kitu kipya nilikwenda Mlowo, Mama Enesi alikikagua kwa jicho lake, akanieleza kasoro, akanipa maparachichi, nami nikarudi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba pete za viti vya nyuma zinalegea. Yeye ndiye aliyesema mkanda wa mpira ubadilishwe kabla ya masika. Hakuwahi kukosea hata mara moja.

Siku mliponiaga mlinipigia hotuba nzuri, mkanipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Nilipoifungua nyumbani nikakuta pipa la taka la kisasa, la plastiki nene, lenye mfuniko unaofunguka kwa kukanyaga. Asanteni sana. Mke wangu ametia humo kilo ishirini za unga, na anakanyaga kila asubuhi kwa furaha.

Juzi Jumanne, nikiwa sina kazi wala pete ya kuonyesha, nilipanda gari nikaenda Mlowo mikono mitupu. Mama Enesi aliniona nikivuka barabara, akatazama mikono yangu, akaniuliza leo nimeleta nini. Nikasema sijaleta kitu, nimestaafu. Akanisogezea kigoda. Alikuwa akipanga maparachichi mafungumafungu, makubwa mbele. Nilikaa, nikamsogezea yaliyo makubwa.

"Mama," nikamwambia, "ile chupa niliitupa mimi."

Hakuacha kupanga.

"Basi lilikuwa tupu, fundi," akasema. "Nililitazama tangu mbali nikitafuta abiria wa kumuuzia. Mlikuwa wawili. Dereva yuko upande wa kule, na wewe uko upande huu."

Nikamuuliza kama alijua tangu siku ile aliyokuja gerejini. Akanijibu kwamba asingejua angekwenda ofisini kama watu wengine. Alikuja gerejini kwa sababu mtu anayepanda basi tupu ni fundi. Aliponiona tu nimesimama pale na uso wangu, akaacha kutafuta.

Nikamuuliza, basi kwa nini hakusema. Miaka yote hii, kwa nini ananipa maparachichi.

Akaweka chini lile alilolishika, akanigeuzia uso wote ili anione vizuri.

"Ningesema, ungeniomba msamaha," akasema. "Ningekusamehe, mimi Mkristo ningefanyaje? Ungekwenda ukalala usingizi wako, na pipa lisingekuwepo. Nilikuwa na shida na fundi, sikuwa na shida na msamaha."

Basi moja lilipita. Hatukuligeukia sisi wote wawili.

"Sasa umestaafu," akasema. "Omba."